Jiwe la Shekeli Nane

Watu wa Nipuri hupima sufu kwa mabata:
mabata ya jiwe jeusi, shingo wamezilaza mgongoni
kama ndege aliyeshiba akasinzia.
Mimi ndiye ninayewachonga.
Kule kwetu mawe yalikuwa mviringo tu, meupe,
chini bapa, juu kuba, na alama moja ya patasi.
Hayakujifanya kitu kingine.

Naitwa Hodiya. Nilikuwa na kibanda Lango la Samaki.
Jirani yangu Pelati alikuwa na mifuko miwili,
wa kununulia mawe mazito, wa kuuzia mepesi,
na kila mwezi ulipoandama alipeleka kondoo dume hekaluni,
akarudi uso unang'aa mafuta.
Nilisema moyoni: ngoja. Mwenye mizani yupo.

Wakaja Wakaldayo, wakatuzingira.
Pelati alishatoroka. Yuko Misri, nasikia ana punda sita.
Na sisi, mkate ukapimwa,
shekeli nane kwa kichwa, kwa siku,
kwa jiwe nililochonga kwa mkono huu,
jiwe la haki, lisilopungua hata punje.
Binti yangu Tirsa alikufa kwa kipimo sahihi.

Huku ugenini, kando ya mfereji,
mzee Asaya hutukusanya siku ya pumziko.
Tulikosa, asema, na aliye juu ametulipa.
Wote huitikia. Mimi huuma ulimi,
ila siku ile ulimi uliponyoka.
Mzee, makosa yangu nayajua, acha nikuhesabie:
nilisema uongo juu ya shamba la shemeji,
nilichonga Sabato mbili, mlango nimeufunga.
Haya, yaweke upande huu.
Upande wa pili mweke mtoto wa miaka mitano
aliyeniuliza kama mchanga unalika.
Sasa inua mizani, uitazame vizuri,
kisha uniambie tena hilo neno, ametulipa.

Hakuniambia. Alitazama maji.
Wa kwake walikuwa watatu.

Usiku nikageukia juu, nikasema maneno
nisiyoweza kuyarudia mbele za watu.
Moja tu nitalitaja:
Nawe una mifuko miwili.
Nikakaa nikingoja radi.
Mbwa akabweka ng'ambo ya mfereji. Basi.

Juzi akaja Belshunu, karani wa ghala,
fedha kiganjani, tabasamu mdomoni:
nimchongee bata mmoja mwepesi,
tumbo nilitoboe, nizibe kwa nta na vumbi la jiwe.
Mkono wangu ulikataa kabla sijafikiri.
Akaondoka akitukana, na kazi ya mwaka akaondoka nayo.
Nikabaki na patasi, nacheka peke yangu
cheko la mtu aliyenaswa.
Nani alinifundisha kwamba jiwe halisemi uongo?
Baba yangu. Naye? Baba yake. Naye?
Hata ninapokushtaki
nakupima kwa jiwe Lako.
Sina jingine.

Hilo si jibu. Tirsa hajarudi.
Ila nimejua kesi yangu ina baraza,
ingawa hakimu ndiye huyo huyo mshtakiwa,
na uani pake siondoki.

Jiwe lile nilikuja nalo, nimelishona pindoni,
njia nzima toka Yerusalemu likinigonga goti.
Noa, mke wangu, hajawahi kuliulizia.
Leo alfajiri nimelikuta jikoni:
amelibandika juu ya kitambaa kilichofunika donge la unga,
kwa sababu ya upepo, amesema, akaendelea kupuliza moto.
Nilitaka kumfokea.
Nikatazama.
Unga ulikuwa unaumuka, polepole, bila kumjali mtu,
na jiwe la shekeli nane lilikuwa limeinuka
unene wa ukucha.